Ukungu Mweupe Haushuki na Mvua

Kutoka Kisaki Stesheni hadi Gomero, na katika mashamba yote ya kando ya Mto Mgeta, ukisema miche yako ya nyanya inanyauka utapewa jibu moja: "Huo ni ukungu, piga dawa." Jirani atakujibu hivyo, mwenye duka la pembejeo atakujibu hivyo, na bwana shamba akiwa na haraka naye atakujibu hivyo hivyo. Jibu hilo ni jepesi kulitamka na ni rahisi kulifuata, maana linamtaka mtu atoe fedha tu na kubeba bomba mgongoni. Lakini kwa ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia hapa, ni kosa. Linakomba fedha za watu ambao fedha hawana, linawamwagia vijana sumu mikononi, na ugonjwa wenyewe linauacha pale pale ulipo, ukijiwekea akiba ya msimu ujao.

Mwezi wa Juni, mwaka juzi, niliteremka kwa barabara ya Bigwa–Kisaki kwenda kumjulia hali mjomba wangu. Ana robo eka ya nyanya na pilipili hoho kwenye udongo mweusi wa mtoni, ardhi ya ukoo, ileile aliyolima bibi. Nilipomwamkia hakunikaribisha hata kiti. "Marahaba mjomba, twende shamba kwanza," akasema. Tukaenda. Nyanya zilikuwa zimebeba matunda mabichi ya ukubwa wa ndimu. Mche mmoja hapa ulikuwa umelala, mwingine kule, kisha kwenye tuta la tatu karibu mstari mzima umelegea, majani bado ya kijani kana kwamba mtu amekata mshipa wa maji kwa chini. Juu ya majani hayo kulikuwa na vumbi la manjano la dawa, limekolea vizuri, halikuacha pengo. Mjomba alikuwa amepulizia mara tano. Alikuwa amefuata maagizo yote ya duka, tena kwa uangalifu kuliko wengi.

Nikamwomba ruhusa ning'oe mche mmoja. Pale shina linapoingia ardhini, gome lilikuwa limeoza na kuwa la kahawia, laini, linatoka kwa kucha. Limezungukwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa hadi juu ya udongo, kama pamba iliyochambuliwa ikamwagiwa maji. Ndani ya nyuzi hizo kulikuwa na punje ndogo za mviringo, nyingine bado nyeupe, nyingine zimeshageuka hudhurungi. Mjomba akazichukua, akazisugua kati ya kidole na kidole, akanyamaza kidogo. "Kama ulezi," akasema. Ni kweli, zilikuwa kama ulezi, kwa ukubwa na kwa rangi. Na katika dawa yote aliyoinunua, hakuna iliyofika kwenye punje zile. Yote ilikuwa juu, kwenye majani ambayo hayakuwa na ugonjwa.

Kuvu ile, au fangasi kama wengi tunavyosema, wataalamu huiita Sclerotium rolfsii. Jina la pili ni la Peter Henry Rolfs, mtafiti aliyeiona kwenye nyanya huko Florida, Marekani, mwaka 1892. Inapenda joto la nyuzi 27 hadi 30 na zaidi kidogo, udongo wenye unyevu, na taka mbichi za kuanzia kula. Mtu akikueleza hali hiyo bila kukutajia mahali, utadhani anaeleza bonde la Kisaki baada ya masika. Inashambulia aina zaidi ya 500 za mimea: nyanya, pilipili, karanga, kunde, tikiti maji, na hata ufuta ambao wengi huku wanautegemea kwa fedha. Haingojei jeraha. Humwaga asidi ya oksaliki mbele yake, asidi hiyo inaua nyama ya shina, kisha kuvu inakuja kula kilichokufa. Ndiyo maana mche unaanguka ungali kijani. Umekatwa shingo kabla majani hayajapata habari.

Zile punje za ulezi ndizo roho yake. Kuvu hii kwa kawaida haienei kwa mbegu za kupeperushwa na upepo kama kuvu nyingine. Inajikunja, inajifunga ndani ya ganda gumu, inalala ardhini. Inaweza kulala miaka mitatu, hata minne, ikisubiri shina laini lipandwe jirani yake. Ukiufahamu mwenendo huo, huhitaji shahada kuona kwamba bomba la kupulizia majani limepiga nyumba ya jirani na kumwacha mwizi ndani.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake katika kosa hili, na nalisema hili kwa uzito kwa sababu maneno ndiyo yanayotuongoza shambani. Ukungu kwa Kiswahili ni ule moshi mweupe wa asubuhi unaoifunika milima ya Uluguru, na ni huohuo uozo unaoota kwenye mkate. Kwa hiyo mtu akisikia nyanya zina ukungu, akili yake inapanda juu: mvua, umande, baridi ya alfajiri, kitu kilichoshuka kutoka mawinguni kikatua kwenye majani. Na kilichotua kwenye majani kinapuliziwa kwenye majani. Tukaongeza neno la pili, dawa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, inatumia neno kiuatilifu, yaani kitu cha kuua viharibifu. Ni neno la kweli. Lakini shambani hakuna anayenunua kiuatilifu. Tunanunua dawa, na dawa kwa maana tuliyokua nayo ni kitu kinachoponya. Mgonjwa asipopona anaongezewa dozi. Hivyo ndivyo mjomba alivyofika mara ya tano.

Nawatendea haki wanaosema "piga dawa". Hawakulibuni jambo hili kwa ujinga. Panda kutoka Kisaki, ufuate maji ya Mto Mgeta kinyumenyume hadi kwenye chimbuko lake, utafika Mgeta yenyewe, Nyandira na vijiji vya jirani, ambako kabichi, karoti, njegere, viazi na maharage hulimwa kwenye miteremko inayotisha kwa kuitazama. Kule kuna bakajani chelewa ya viazi na nyanya, ugonjwa ambao kweli unashuka na unyevu wa hewani, unarukia jani hadi jani, na usipopuliziwa mapema unamaliza shamba kwa wiki moja. Mkulima wa kule aliyesimamisha bomba wakati wa mvua amejuta. Kwa bakajani, kauli ya "piga dawa" ni ya uzoefu na imeokoa mazao. Kosa lilianza kauli hiyo ilipoteremka na mto kuja kutibu kitu kingine chenye jina lilelile.

Tena iliteremka na chupa zilezile. Dawa maarufu kabisa ya ukungu madukani ni mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu. Metalaksili ilitengenezwa kwa ajili ya jamii ya viumbe wa bakajani chelewa na ubwiri vinyoya, ambao wataalamu wamekwisha kuwatenga na kuvu za kweli. Ni ukoo mwingine kabisa, wenye mwili uliojengwa kwa namna nyingine. Kwa kuvu ya punje za ulezi, metalaksili haina kazi. Mankozebu ni ya kukinga, hukaa juu ya jani na kuzuia kinachotua hapo. Haiingii ndani ya mche wala haishuki shinani kufukuza kilichokwisha kuota. Basi mtu amelipia vitu viwili, kimoja hakimhusu adui wake na kingine hakijamfikia. Na mankozebu si maji ya kunawa. Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoendelea kuiidhinisha, kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi na homoni za mwili. Mimi nimewaona vijana wa kilimo cha kukodi wakiikoroga kwa mkono mtupu, kisha wakila muhogo wa kuchoma kwa mkono uleule.

Na mambo yanazidi pale dozi inapokataa. Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Karibu theluthi moja yao walikuwa wakichanganya viuatilifu zaidi ya kimoja kwenye bomba moja, bila maelekezo ya kitaalamu ya mchanganyiko huo. Nani awalaumu? Mtu aliyeambiwa kwamba dawa ndiyo jibu, na ya kwanza imeshindwa, atatia ya pili humo humo. Fikra ikiwa mbovu, bidii ya mkulima inaongeza madhara yake.

Huko juu Mgeta nako kuna ukungu mweupe wa kwake. Huu ni Sclerotinia sclerotiorum, unaopenda baridi. Alianza kuuandika Marie-Anne Libert, mwanamke wa Ubelgiji, mwaka 1837, na Anton de Bary wa Ujerumani akaupa jina lake la sasa mwaka 1884. Unakula zaidi ya aina 400 za mimea, na maharage na kabichi ni miongoni mwa vyakula vyake. Punje zake si ulezi. Ni nyeusi, ndefu kidogo, zimepinda, na kila aliyewahi kupasua bua la mharage lililooza na kuzikuta ndani atakwambia zinafanana na mavi ya panya. Hukaa ardhini miaka mitano na zaidi. Udongo ukiwa na ubaridi na unyevu chini ya kivuli cha majani yaliyosongamana, punje zilizo karibu na uso wa ardhi huotesha viuyoga vidogo vyenye umbo la kikombe, na viuyoga hivyo hurusha vumbi la uzazi hewani. Vumbi hilo hutua kwenye maua ya maharage yaliyoanza kunyauka, na kutoka kwenye ua lililokufa kuvu huingia kwenye mmea ulio hai.

Hapa mtetezi wa bomba atanyanyuka: umesema mwenyewe unaruka hewani! Nimesema. Na nitamwongezea: zipo dawa zinazofanya kazi kwenye ugonjwa huu, boskalidi kwa mfano, ikipuliziwa wakati maharage yanapoanza kutoa maua, kabla pamba nyeupe haijaonekana. Kwa ule wa Kisaki pia zipo, tebukonazoli na azoksistrobini, zikielekezwa shinani mapema na si kwenye majani. Sipigani na kemia. Napigana na mazoea ya kungoja mpaka pamba ionekane, kisha kununua chochote kilichoandikwa ukungu, kisha kukimwaga juu. Ukiona pamba umechelewa. Wakulima wa Marekani wenye mashine za kupulizia eka mia kwa saa chache, wanapopanda soya kwenye ardhi yenye ugonjwa huu, huanza kwa kuhesabu nafasi kati ya mistari, aina ya mbegu na zao lililotangulia. Dawa inakuja baadaye, kwa wakati wa maua. Kama mwenye mashine hawezi kuanza na bomba, mwenye bomba moja la mgongoni la kuazima aanze nalo kwa nini?

Basi tuanze wapi? Tuanze na kile tulichokwisha kuwa nacho, na Kisaki ina kitu ambacho wengi duniani wanakitafuta: ina mpunga. Kuvu ya punje za ulezi inahitaji hewa, haivumilii kuzama. Na kwa ile nyeusi ya baridi, mtafiti W. D. Moore alichapisha mwaka 1949, kutoka Florida, kwamba kuyafunika mashamba kwa maji kwa wiki kadhaa kuliozesha punje zake ardhini. Huko ililazimu kufungulia maji makusudi ili kutibu ardhi. Hapa kwetu jaruba la mpunga hukaa na maji kwa ajili ya chakula chetu, na kazi ya kutibu inafanyika bure wakati sisi tunawaza ubwabwa. Nyanya ikifuata mpunga kwenye udongo wa mtoni, inafuata ardhi iliyooshwa. Hakuna chupa ya dukani yenye uwezo huo, na hakuna bwana shamba hata mmoja niliyemsikia akiusema kwa sauti kubwa.

Ambako maji hayatuami, kuna mahindi na mtama. Jamii hii ya nyasi si chakula kizuri cha kuvu hizi mbili. Lakini hapa kuna mtego ambao umewanasa hata wakulima hodari. Utasikia mtu akijitetea: "Mimi nabadilisha mazao. Mwaka juzi nyanya, mwaka jana tikiti, mwaka huu karanga." Kwa macho yake ni mazao matatu, lakini kwa kuvu ni chungu kimoja kilichopakuliwa mara tatu. Hapo akiba ya punje inaongezeka kila mwaka, na mwaka wa nne atakapopanda pilipili na kuvuna mashina matupu, atasema mvua ya mwaka huo ilikuwa na ukungu mbaya. Kubadilisha jina la zao hakutoshi. Lazima kubadilisha ukoo wake, kutoka majani mapana kwenda kwenye jamii ya mahindi, na kukaa huko misimu miwili hata mitatu.

Mambo mengine ni ya mkono na jicho. Mche ulioanguka usiuache, wala usiutupe mtoni au kwenye mfereji, maana maji yatamfikishia jirani punje zako. Uzoe pamoja na udongo ulioshika shina, utie kwenye ndoo, ukachomwe mbali na shamba. Ukilima, pindua udongo hasa, wa juu uende chini kwa kina cha shubiri moja, ambako punje za ulezi zinakosa hewa na kufa pole pole, na ukipalilia usiuchimbue tena. Majani makavu na magugu yasirundikwe shinani, kwani kuvu huanzia kwenye taka hizo kabla ya kupata nguvu ya kuingia kwenye shina. Panda kwa nafasi, jua lifike chini.

Kwa kitalu nina neno moja zaidi, kwa sababu miche mingi hutoka kitaluni ikiwa imeshabeba ugonjwa. Mwaka 1976 Yaacov Katan na wenzake wa Israeli walionyesha kwamba ukimwagilia udongo, ukaufunika kwa nailoni angavu na kuziba kingo kwa udongo, jua peke yake linauchemsha kiasi cha kuua kuvu nyingi za ardhini. Inachukua wiki nne hadi sita za jua kali. Sisemi mtu afunike eka. Nailoni ni ghali. Nasema tuta moja la kitalu, la upana wa mita moja, lifunikwe mwezi wa Agosti. Jua la Kisaki la Agosti na Septemba tunalilaani kila siku. Angalau tulipe kazi.

Na akina mama wanaochambua maharage wanajua zaidi ya wanavyoulizwa. Kila mara nikiwa nyumbani naona ungo umewekwa mapajani, mkono unatembea, mawe yanatoka, mbegu zilizotoboka zinatoka, na pamoja nazo vile vipande vyeusi ambavyo kila mtu anadhani ni uchafu wa panya ghalani. Vingine ni uchafu wa panya kweli. Vingine ni punje za ukungu mweupe zilizosafiri na maharage kutoka milimani. Vikimwagwa uani karibu na bustani, au maharage hayohayo yakipandwa bila kuchambuliwa kwa sababu ni "ya mbegu tu", mtu amepanda ugonjwa kwa mkono wake. Vitieni motoni. Ni kazi ya dakika, na sijawahi kuiona kwenye bango lolote la kilimo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya ardhi, na siikimbii. Nilipomweleza mjomba habari ya misimu miwili mitatu bila nyanya, alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe wake wa maziwa. "Mjomba, wewe una mshahara. Mimi nina robo eka." Anasema kweli. Mwenye eka kumi anahamisha nyanya kama anavyohamisha kiti. Mwenye robo eka hana nafasi ya kuzihamishia zote. Lakini tuhesabu pamoja. Mwaka ule alilipa dawa mara tano, akalipa kibarua wa kupulizia, akavuna matenga machache kuliko mwaka uliotangulia, na huo uliotangulia ulikuwa mbaya kuliko wa nyuma yake. Hakuwa akichagua kati ya nyanya na mpunga. Nyanya zilikuwa zimekwisha kumwacha. Kilichobaki ni jina la nyanya na deni la duka. Mpunga na mahindi vinaliwa nyumbani na havidai dawa ya shina. Kuirudisha ardhi kwenye chakula misimu miwili ni hasara ndogo kuliko kuilisha kuvu misimu kumi.

Wanaonitia hofu kweli ni wakodi wa ardhi. Mtu anatoka mjini, anakodi eka mbili za mtoni kwa msimu mmoja, anapanda tikiti au nyanya, anapulizia kila wiki, anavuna, anaondoka. Mashina yaliyooza anayaacha yamelala. Hana sababu ya kujali punje zitakazoamka mwaka kesho kwa sababu mwaka kesho atakodi kwingine. Anayebaki na ardhi yenye ugonjwa ni ukoo. Kwa watu wetu wa Uluguru na bondeni, ambao ardhi yao hufuata upande wa mama na mjomba ndiye msemaji wake, hili lingepaswa kuwa neno la kikao: mkodi aseme atapanda zao gani, aonyeshwe zao lililotangulia, na aondoe masalia kabla hajaondoka. Tunadai kodi mapema, na hatudai ardhi irudi ikiwa nzima.

Wengine wananiambia tusubiri, watafiti wataleta mbegu inayostahimili. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo hapo Morogoro na kina kazi nzuri, lakini kuvu inayokula aina 500 za mimea haijafungiwa mlango na mbegu moja. Tusisubiri.

Jibu moja kwa kila shamba si jambo geni kwetu. Ukipita barabara ile ya Bigwa–Kisaki utavuka Matombo. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilikuja na mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru: kila mteremko uchongwe matuta ya benchi, aina moja, kwa amri moja. Udongo wa chini usio na rutuba ukachimbuliwa ukawekwa juu, mazao yakadhoofika, watu wakachoka kufanya kazi ya kuharibu mashamba yao wenyewe. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Ajabu ni kwamba wakati huo huo wakulima wa milimani walikuwa na matuta yao ya ngazi, wakifukia magugu na masalia ya mazao ndani ya udongo, kazi waliyoifanya kwa kuitazama ardhi ya mahali pao. Waliotoa amri hawakuuliza. Leo hatuna amri ya mkoloni, tuna kauli ya "piga dawa" inayosafiri toka Nyandira hadi Gomero, kwa kuvu ya baridi na kuvu ya joto, kwa ugonjwa wa jani na ugonjwa wa shina. Nayo haiulizi.

Kwa hiyo nawaomba maafisa ugani wetu, na nawaomba zaidi wenye maduka, maana wao ndio wanaoonwa kwanza. Mkulima akifika na kusema nyanya zina ukungu, kabla mkono haujakwenda rafuni, mwulizeni: umeng'oa mche? Chini ya shina umeona nini? Akisema hajaangalia, mrudisheni akaangalie. Akija na punje kama ulezi kiganjani, mwambieni ukweli kwamba chupa ile ya majani haitamsaidia, hata kama siku hiyo hamtauza kitu.

Robo eka ya mjomba sasa ina mpunga, msimu wa pili huu. Nyanya amezihamishia kwenye kipande kidogo cha juu alichokuwa akipanda mahindi, matuta manane tu, na wiki iliyopita nilipompigia simu alikuwa ameng'oa miche miwili, ameitia ndoo, na bomba lilikuwa bado limening'inia ukutani.